Mpaka Ishirini

Kituyi alifanya kosa moja tu asubuhi ile. Alifungua gunia lake mbele ya kibanda cha Lusweti na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza mitumba, "Mzee, hii ni muthiga ya kweli, nimeitoa mwenyewe msituni." Angeipeleka kwa mtu mwingine yeyote katika soko lile la Eldoret, angerudi kwake na meno yake yote.

Kwa asiyejua, muthiga ni ule mti ambao gome lake linawasha. Jina ni la Wakikuyu, lakini soko zima limelichukua likawa la kila mtu. Gome lake linatafunwa kwa kikohozi, linachemshwa kwa kifua, linasagwa na kupakwa kwenye vidonda vilivyokataa kupona. Na kwa sababu kila mtu analitaka, wezi hawakosi. Mtu anabandua mti wowote ule wa kando ya barabara, analoweka magome kwenye maji ya pilipili, anayaanika, halafu anakuja sokoni akitabasamu kama mchungaji siku ya harambee.

Wa kuwakomesha watu hao alikuwa Lusweti. Mzaliwa wa Moi's Bridge, miaka hamsini na mitatu, shingo nene, hasira karibu, na ulimi ambao haukuwa umekosea tangu aanze kazi. Wanunuzi walitoka Kisumu, Nakuru, wengine Kampala, na hakuna aliyegusa gunia kabla Lusweti hajalionja.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, huiti gome bandia kabla hujalionja. Ya pili, hutemi kabla ya ishirini. Pilipili ina haraka: inakupiga midomoni, inakutoa machozi, na ikifika kumi imechoka. Muthiga ya kweli haina haraka. Inaanzia nyuma kabisa ya ulimi, inapanda polepole hadi puani, na ukifika ishirini ndipo inawaka vizuri. Kwa hiyo unaweka kipande chini ya ulimi, unafunga mdomo, unainua mikono na kuhesabu kwa vidole, vyote kumi, mara mbili. Anayetema njiani, Lusweti alikuwa akisema, arudi nyumbani akanyonye.

Basi aliweka kipande cha Kituyi chini ya ulimi, akafunga mdomo, akainua mikono. Soko likasogea karibu. Kwenye nne midomo ilimwaka. Kwenye tisa moto ulikuwa umezimika, na hapo alishajua. Mtu mwingine angetema. Yeye alihesabu mpaka ishirini, taratibu, akimkazia Kituyi macho huku soko lote likimkazia yeye, na haki ya Mungu hakuna kitu mtu yule alipenda kama hicho.

"Pilipili," alisema.

"Mzee, naapa kwa mama yangu..."

"Mama yako muache nyumbani. Wakoli, mshike."

Wakoli ndiye aliyekuwa mbanduaji wake mkuu, jitu la miaka arobaini lililotembea na rungu kama wengine wanavyotembea na mwavuli. Alimkamata Kituyi masikio yote mawili akamwinua uso. Lusweti alimjaza magome mdomoni, konzi baada ya konzi, mpaka mashavu yakatutumka. "Haya, hesabu! Si ni ya kweli? Hesabu tukusikie!" Kituyi alitoa sauti ya mbuzi anayechinjwa vibaya. Lusweti akachukua jiwe la kilo mbili kutoka kwenye mizani, akamtandika nalo mdomoni. Meno mawili yalitoka pamoja na magome na damu ikamwagikia viazi vya mama wa kibanda cha jirani.

Hapo Wakoli akaingia na rungu. Alipiga mbavu, akapiga tena mbavu zilezile, uso wake umetulia kabisa. Wanawake walipiga mayowe. Mzee mmoja aliomba kwa jina la Yesu. Wakoli hakusikia kitu.

"Acha," Lusweti alisema, bila hata kupaza sauti.

Rungu lilisimama hewani.

Neno hilo ulikumbuke. Wakoli hakuwa na breki nyingine duniani. Polisi hakuwajali, mkewe alishamkimbia, chifu alikuwa akivuka barabara akimwona. Akianza kupiga damu inampanda machoni, na hakuna kilio wala maombi yatakayomfikia. Ila Lusweti akisema "Acha", anaacha papo hapo. Mwaka juzi huko msituni alimkalia mlinzi mmoja kifuani na kumkaba koo, na mlinzi yule yuko hai leo, anakunywa chai kwake, kwa sababu Lusweti hakuwa mbali.

Lusweti alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, Brigid Nangila. Nangila lilikuwa jina la mama yake Lusweti, kwa hiyo tangu mtoto akiwa mchanga alimwita Mama, na kila alipomwita hivyo sauti yake ilishuka. Magome ndiyo yaliyomsomesha Brigid. Yalimtoa shule ya msingi yakampeleka hadi chuo kikuu, yakamvisha koti jeupe katika maabara ya Daktari Wahu, nyumba moja kubwa ya Elgon View yenye maua getini na mitambo sebuleni.

Miaka mitatu nyuma Brigid alimwomba baba yake gome. "Si la kuuza, Baba. La kuchunguza. Nipe lile zuri kuliko yote." Lusweti alivimba kichwa kwa furaha. Alikwenda mwenyewe Moi's Bridge, kwenye mti mzee nyuma ya nyumba ya marehemu mama yake, mti ambao hakuna mbanduaji aliyeruhusiwa kuugusa. Alibandua kipande kimoja upande wa mawio, akapaka kidonda cha mti udongo na mavi ya ng'ombe kama mama yake alivyomfundisha, akaonja, akahesabu, machozi ya raha yakamtoka. Kisha akampa mtoto wake akiwa amekifunga kwa kitambaa safi.

Sasa Jumapili ile baada ya kanisa, wiki moja tangu Kituyi apoteze meno, wakiwa juu ya ugali na kuku, Brigid akamwambia kwamba wamekipata.

"Mmepata nini?"

"Kile kitu kinachowasha. Ndani ya gome kuna vitu vingi, Baba, lakini kimoja ndicho kinachoua viini vya vidonda. Tumejua kimejengwa vipi. Daktari Wahu amekijenga upya, kipande kwa kipande, kwa kemikali za chupani. Hakuna mti, hakuna gome. Ni unga mweupe." Alikuwa anaongea haraka, macho yanang'aa. "Kwenye sahani za maabara umeua viini ambavyo dawa za hospitali zimeshindwa. Kwa panya, vidonda vimefunga. Kwa watu bado. Hatujaruhusiwa, itachukua miaka, na inaweza kukataa kabisa. Lakini dalili ni nzuri. Kesho redio itatangaza."

Lusweti alitafuna kuku wake mpaka akammeza. "Kwa hivyo mimi ni wa nini?"

"Baba, miti imeisha. Wewe mwenyewe unajua. Wakoli anabandua mti duara nzima mpaka unakufa umesimama. Miaka mitano tu na hutakuwa na cha kuonja."

"Nimekuuliza, mimi ni wa nini?"

Brigid alishusha macho kwenye sahani yake, na hilo lilimchoma baba yake kuliko tusi.

"Huo unga wenu ni bandia," alisema.

"Hujauonja."

"Siwezi kuonja ujinga!"

"Hata takataka za Kituyi ulizionja, Baba. Hujawahi kuita kitu bandia kabla ya kukionja. Tangu nizaliwe sijaona."

Kofi lilimtoa kwenye kiti. Sufuria ya mchuzi ilimfuata chini. Mama yake, mkewe Lusweti, alishika kichwa na kusema "Wewe baba Brigid, wewe!" kisha akanyamaza, kwa sababu nyumbani humo hakuna aliyemalizia sentensi za aina hiyo. Brigid alisimama, akafuta damu ya mdomo kwa kiganja, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakulia mbele yake.

Lusweti aliona aibu. Nasema ukweli, aliona aibu kubwa, mkono wenyewe ulimwuma. Lakini kuna watu ambao aibu huwafanya waombe msamaha, na kuna Lusweti. Yeye aibu ilimfanya atafute cha kuvunja.

Jumatatu redio ilisema. Jumanne mnunuzi wa Kampala hakushika simu. Wabanduaji nao wakashikwa na kichaa. Kila mmoja alijiambia kwamba gome likikosa maana kesho, heri alitoe lote leo, na wakaingilia miti iliyobaki kwa mapanga na shoka kama watu wanaonyang'anyana maiti. Ajabu ya mambo, habari iliyokusudiwa kuiokoa miti ndiyo iliyoimaliza. Jioni ya siku hiyo Lusweti alipigiwa simu na jirani wa Moi's Bridge, akaendesha pikapu bila kusimama, akafika nyuma ya nyumba ya mama yake. Mti mzee ulikuwa umesimama uchi. Walikuwa wameubandua kutoka mizizi hadi mahali mkono wa mtu juu ya ngazi unapofika, duara nzima, na shina lilikuwa jeupe na limelowa.

Alitafuta udongo. Alichota kwa mikono miwili akaanza kupaka, akapaka mpaka giza likaanza kuingia, akaona hajafika hata goti la mti. Akaketi chini akalia kwa sauti kama mtoto. Alipoinuka alikuwa ameshapata wa kulaumu.

"Kesho," alimwambia Wakoli kwenye simu. "Elgon View. Lete wawili wanaojua kazi."

Jumatano aliichagua kwa makusudi. Brigid alikuwa amemwambia mama yake kwamba siku hiyo angeshinda Plateau kwa shangazi yake. Lusweti alikuwa mkatili, lakini hakuwa mtu wa kuvamia nyumba ambayo mtoto wake yumo.

Walifika saa nne asubuhi, jua limetulia juu ya maua ya watu. Soja wa geti aliuliza, "Mna miadi?" Wakoli alimjibu kwa rungu. Goti lililia kwanza, ndipo soja akalia. Walimvuta hadi ndani ya kibanda chake wakamfungia huko na simu yake wakaikanyaga.

Sebuleni Daktari Wahu alikuwa peke yake, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, miwani kichwani. Alitazama marungu, akatazama uso wa Lusweti, akamjua kwa pua, maana Brigid alikuwa na pua ileile.

"Mzee Lusweti. Karibu. Naomba tuketi tuongee."

"Vunjeni," Lusweti alisema.

Wakavunja. Chupa zilipasuka kwa safu, mitambo iliangushwa kifudifudi, vioo vikaruka mpaka kwenye mapazia. Harufu ilitoka ya kukata pumzi, mmoja wa wale wawili akaanza kukohoa na bado akaendelea kupiga huku akikohoa. Wahu hakupiga kelele mpaka walipokaribia friji ndogo ya pembeni. Hapo alikimbia akajibandika mlangoni mwake, mikono imetandazwa.

"Hii hapana! Mzee, hii hapana! Ni miaka mitatu!"

"Toka."

"Uniue kwanza."

Lusweti alimshika mkono akaupinda nyuma. Hakukusudia kuuvunja, au alikusudia, yeye mwenyewe baadaye hakujua. Ulivunjika karibu na kiwiko, kwa mlio mdogo mkavu, na Wahu akaanguka magotini, rangi yote ya uso imemwisha.

"Baba!"

Brigid alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, glavu mikononi, mashine ya kuvuta hewa ikinguruma nyuma yake. Shangazi wa Plateau alikuwa amepiga simu alfajiri kusema ana wageni, waahirishe. Jambo dogo kama hilo.

Lusweti aliganda. "Unafanya nini hapa? Si umeenda Plateau?"

"Umemvunja mkono," Brigid alisema. Shavu lake lilikuwa bado na alama ya Jumapili. "Baba, umemvunja mkono."

"Wameua mti wa mama yangu! Nyinyi! Nyinyi na huu uongo wenu!"

"Uongo." Brigid alitembea juu ya vioo, akafungua friji, akatoa kichupa kidogo cha unga mweupe, usiojaza hata kizibo cha soda. Hasira ilikuwa imempanda. Ni damu ya baba yake, angepata wapi nyingine? "Hiki hapa. Hiki tumekiiga kutoka kwenye gome lako, ule mti wa Kukhu, bibi yangu, ndio uliotufundisha. Unasema ni bandia? Basi onja! Wewe si ndiye Lusweti? Au vunja sheria yako basi, uite bandia kabla hujaonja, mbele ya Wakoli!"

"Brigid, usimpe!" Wahu alisema kutoka sakafuni. "Ni kikali mno! Ni gunia zima ndani ya kijiko!"

Brigid alisikia. Hasira ilimshuka kidogo, akavuta kijiti cha kioo, akakichovya ncha tu. "Hiki tu, Baba. Ncha ya ulimi, halafu uteme. Uteme saa hiyohiyo, unanisikia? Hiki si gome."

Wakoli na wale wawili walikuwa wamesimama, marungu yameshuka, wanangoja kuona. Na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mtu wa kawaida angelamba kijiti akatema. Lusweti aliona kijiti, akaona watu wanaomtazama, akakumbuka sokoni.

"Mimi silambi vijiti," alisema. "Mimi naonja mpaka ishirini."

Akamnyang'anya kichupa. Akamimina kiganjani kiasi cha kipande cha gome alichozoea, akatupa chini ya ulimi, akafunga mdomo, akainua mikono.

Brigid alimrukia kifuani. "Tema! Baba, tema!" Lusweti alimsukuma kwa kiwiko bila kumtazama.

Moja. Mbili. Hakuna kitu. Alianza kutabasamu. Kwenye nne kitu kiliamka nyuma kabisa ya ulimi, pale pale panapostahili. Kwenye tano kilipanda. Kwenye sita kilifika puani. Kwenye saba Lusweti alijua. Ilikuwa yenyewe. Ilikuwa muthiga, si ya msitu wa Kaptagat wala ya kwingine popote, ilikuwa mti ule wa nyuma ya nyumba ya mama yake, haina mbao, haina vumbi, haina mvua, moto wake peke yake umetolewa ukawekwa mdomoni mwake. Moyo ulimpasuka kwa uzuri wake. Mtoto wake alikuwa amesema kweli.

Angetema hapo. Kwenye nane ulikuwa si moto tena, ulikuwa kisu. Kwenye kumi machozi na makamasi yalimshuka pamoja, akakunja vidole akaanza tena mkono wa kwanza. Kumi na mbili, ulimi ulianza kuvimba. Aliusikia ukisukuma meno. Brigid alikuwa amemshika mashavu anajaribu kumfungua taya kwa vidole, analia, "Baba tafadhali, Baba tafadhali." Kumi na sita, masikio yalivuma. Kumi na tisa. Ishirini. Akafungua mdomo ili ateme na aseme, na ulimi ukawa umejaa mdomo wote.

Alianguka kwa magoti, kisha kwa ubavu. Hewa iliingia kwa filimbi nyembamba. Uso ulifura macho yakawa mistari.

"Wamempa sumu!" Wakoli alisema. "Mzee amepewa sumu!"

Brigid alikuwa amepiga magoti kando ya baba yake, kidole chake kinakomba unga kutoka chini ya ulimi. Hakuona rungu. Lilimpiga nyuma ya sikio, akaenda mbele juu ya kifua cha Lusweti.

Acha. Neno lilikuwa pale. Lusweti alilisema kwa moyo wake wote, alilisema kwa tumbo, akasukuma, na kilichotoka kilikuwa povu. Aliona rungu likipanda tena. Alinyoosha mkono akashika suruali ya Wakoli, akaivuta, akamtazama kwa macho yote yaliyombakia. Acha, Wakoli. Acha, mtoto wangu huyo. Wakoli aliinama akaona macho yale yanayomwomba, na kwa miaka yote hakuwahi kuombwa na Mzee kitu asikifanye.

"Ndiyo, Mzee," alisema, kwa upole kabisa. "Ndiyo. Nitammaliza."

Akapiga mara ya pili, palepale.

Kengele ya jirani ndiyo iliyowatawanya. Wale wawili walikimbia kwanza, Wakoli akafuata akigeuka nyuma, rungu limeachwa kwenye vioo. Wahu alitambaa. Kwenye sanduku la dharura ukutani kulikuwa na sindano moja, ya mtu aliyefungwa koo na kemikali, moja tu, ambayo hawakuwahi kuitumia. Alitambaa nayo kwa mkono mmoja, ule mwingine unaburuzika, mpaka walipokuwa.

Brigid alikuwa ameinuka. Alikuwa ameketi, mgongo ukutani, damu kidogo tu shingoni. "Mimi niko sawa, Daktari," alisema. "Baba kwanza."

Wahu alimdunga Lusweti pajani. Filimbi ya pumzi ilipanuka kidogo, kidogo tena. Jirani akaja na gari lake, kiti cha nyuma kinamtosha mtu mmoja kulala. Akauliza nani aanze. Brigid alikuwa amefumba macho kwa ajili ya mwanga, lakini alijibu vizuri, kwa sauti ya kawaida, kila mtu aliisikia na Lusweti aliisikia.

"Si nimesema niko sawa? Kichwa tu kinaniuma. Baba kwanza."

Wakambeba Lusweti. Gari la pili lilipofika baada ya nusu saa, Wahu aliyekuwa kando ya Brigid alidhani amesinzia. Walijaribu kumwamsha njiani, walijaribu hospitali, na saa kumi mama yake aliitwa akaambiwa aketi chini.

Kesi ya kifo cha Brigid ilichukua mwaka na nusu. Wakoli alikamatwa mpakani, wakasimamishwa kizimbani pamoja, yeye na Lusweti. Siku ya Lusweti kujitetea soko lilihama likajaa mahakamani. Lusweti alikuwa amekonda, nguo zinamning'inia. Ulimi ulipona umbo lakini haukurudi. Chai, chumvi, mchuzi wa mkewe ambaye hakumsemesha tena, vyote vilikuwa kama kutafuna karatasi, na maneno yalimtoka mazito. Wabanduaji walimletea magome rumande ayaonje, kwa huruma au kwa mazoea, naye aliyarudisha yalivyo.

Wakili wao, Muchiri, alikuwa amemwelekeza vizuri. "Neno moja tu, Mzee. Sumu. Ukisema ilikuwa sumu, Wakoli alipiga akiamini anakuokoa, na nyinyi wote wawili mtaona nyumbani tena. Hakuna atakayebisha. Ulimi ni wako."

Kwa hiyo Muchiri alisimama akamwuliza mbele ya jaji, "Kile ulichopewa kuonja siku ile, Mzee Lusweti, kilikuwa nini?"

Watu wa soko waliinama mbele. Wakoli alimtazama kwa macho yale yale ya kungoja amri. Kituyi alikuwepo, nyuma, na pengo lake. Daktari Wahu alikuwepo, mkono wake haukunyooka tena.

"Ilikuwa dawa," Lusweti alisema.

Mahakama ilivuma. Muchiri aligeuka nusu, akatafuta karatasi zake. "Mzee, labda hukusikia swali. Kitu kilichokuvimbisha..."

"Nimesikia. Nimeonja magome maisha yangu yote, na hilo ndilo safi kuliko yote. Mtoto wangu alilitengeneza. Hakunipa sumu. Aliniambia niteme."

Muchiri aliketi. Kiongozi wa mashtaka, mwanamke mtaratibu, aliinuka akiwa na swali moja tu.

"Ulijua lini kwamba ni dawa ya kweli?"

"Nilipofika saba."

"Na ulihesabu mpaka ngapi?"

"Ishirini."

"Ulipofika saba ulimi wako ulikuwa bado unaweza kusema?"

"Ndiyo."

"Ungeweza kutema. Ungeweza kusema ni kweli. Ungebaki na ulimi wa kumwambia mshtakiwa mwenzako aache."

"Ndiyo."

"Basi kwa nini ulifika ishirini?"

Lusweti alitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimejikunja vyenyewe kwenye ukingo wa kizimba, kimoja baada ya kingine. Jaji akamwuliza kama anahitaji maji, akatikisa kichwa.

"Watu walikuwa wananiangalia," alisema.